Kupunguza vurugu za magenge ya vijana: kamati ya wakazi ianzie wapi

Kamati nyingi za wakazi huianza kazi hii kwa kutafuta mipira na jezi. Michezo si jambo baya, ila vijana wanaojitokeza uwanjani mara nyingi ni wale ambao hata pasipokuwa na mpira wasingemchoma mtu kisu. Jambo la kwanza ni kujua hasa ni akina nani wanaojeruhiana na wanagombea nini.

Kwa hiyo kaeni watu wachache mnaoujua mtaa, yaani mwalimu, kiongozi wa dini, muuguzi, dereva wa usiku na askari ambaye wakazi wanamwamini, mwandike matukio yote ya miezi 12 iliyopita: mahali, siku, saa, silaha, na chanzo cha ugomvi. Andikeni makundi yanayohasimiana, lakini msiandike majina ya watuhumiwa, kwa sababu karatasi ya majina ikivuja, wenye hasira hawatangoja mahakama. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na polisi wa jiji la Boston, Marekani, walifanya zoezi la namna hii, wakakuta kwamba vijana wapatao 1,300 waliokuwa katika magenge, ambao hawakufika asilimia 1 ya vijana wa jiji lile, ndio waliohusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Mtaa unaodhani kwamba vijana wake wote wameharibika huwa haujahesabu.

Msitegemee taarifa za polisi peke yake. Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji mjini Cardiff, Wales, aligundua kwamba sehemu kubwa ya majeruhi wa vurugu waliotibiwa hospitalini hawakuwa wamefika polisi kabisa, na kutokana na hilo ukazaliwa utaratibu wa hospitali kutoa taarifa za mahali, saa na silaha bila kutaja mgonjwa. Iombeni hospitali iliyo karibu nanyi mambo hayo matatu tu.

Orodha ikikamilika, mtaona kwamba matukio mengi ni mnyororo: huyu alipigwa kwa sababu ya yule, na yule kwa sababu ya mwingine wa miezi mitatu nyuma. Hapo ndipo anapohitajika mpatanishi, na kamati itumie muda mrefu zaidi katika kumchagua kuliko katika jambo lingine lolote. Daktari Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na kifua kikuu na kipindupindu, ndiye aliyeanzisha mjini Chicago mpango unaoichukulia vurugu kama ugonjwa wa kuambukiza, na mwaka 2000 mpango huo ukaanza kazi katika eneo la West Garfield Park kwa kuajiri watu wanaoheshimika mtaani, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa ndani ya magenge. Tathmini za mipango ya aina hii zimetoa majibu tofauti mahali na mahali, na kwa maoni yangu tofauti hiyo inatokana sana na nani amepewa kazi. Mtu aliyeacha genge mwezi uliopita hafai. Mzee mwadilifu ambaye vijana humwamkia kisha wakageuka na kucheka naye hafai.

Tazama kazi yenyewe inavyokuwa. Kijana wa miaka 17 amelazwa, mkono umeshonwa, na nje ya wodi wamesimama wenzake watano wasiosema neno, mmoja wao amevaa koti zito ingawa kuna joto. Mpatanishi hamwendei mgonjwa kwanza. Anasimama karibu na mwenye koti, wala haulizi ni nani aliyefanya. Anauliza kama mama wa mgonjwa amepata habari, na ni nani kati yao atakayekwenda kumchukua. Wakati huohuo mpatanishi wa pili yuko upande wa wahasimu, akihakikisha kwamba usiku huo hakuna anayejisifu hadharani au mtandaoni. Wote wawili hawapeleki habari kwa polisi, na polisi wenyewe wakubali hivyo mapema, maana siku mpatanishi atakapoonekana kuwa mpelelezi, kazi yake imekwisha na huenda uhai wake pia.

Huko Glasgow, Uskoti, mpango ulioanzishwa mwaka 2008 uliwaita vijana wa magenge mahakamani wakiwa si washtakiwa, wakawasikia daktari anayeshona majeraha, mama wa majeruhi na polisi, kisha wakapewa namba ya simu ya kuomba msaada. Mkiiga jambo hilo, hakikisheni kwamba anayepiga simu kesho yake asubuhi anapokelewa na mtu mwenye nafasi ya mafunzo au kazi mkononi. Kazi yenyewe si lazima iwe ya kudumu: utafiti wa Chicago wa mwaka 2012 uliwapa wanafunzi wa sekondari kazi ya wiki 8 za likizo, na katika miezi 16 iliyofuata kukamatwa kwao kwa makosa ya vurugu kulipungua kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa kazi hiyo.

Msaada huo apewe kijana mmoja mmoja, genge lisipewe hadhi ya chama. Los Angeles ya miaka ya 1960 ilipeleka wafanyakazi wa kuandaa safari na mikutano ya magenge mazima, na mwanasosholojia Malcolm Klein akaonyesha kwamba magenge yalizidi kushikamana na makosa yakaongezeka. Kadhalika msiwapeleke watoto magerezani ili watishwe na wafungwa. Majaribio yaliyofanywa yalionyesha kwamba waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko wale walioachwa.

Fedha za mishahara ya wapatanishi zitafutwe za miaka mitatu kabla ya kutangaza lolote, na kikao cha kupitia orodha kifanyike kila wiki, hata wiki ambayo hakuna aliyejeruhiwa. Mpango uliotokana na zoezi lile la Boston ulipoachwa mwaka 2000, mauaji ya magenge yalianza kupanda tena, na miaka michache baadaye jiji lilirudi kuuanza upya.