SOMO: Kuangalia vyura wa Amani usiku bila kuwapelekea ugonjwa

Wakuu habari. Kila masika ikianza napata meseji zilezile, twende na nini, tuwashike vipi, viatu vinahusikaje, sasa naandika mara moja na atakayeniuliza tena namtumia hii. Naongelea msitu wa Amani, milima ya Usambara Mashariki, ila Uluguru na Udzungwa utaratibu ni huohuo.

1. Kibali. Ripoti ofisi ya hifadhi (iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu), lipa, chukua mwongozaji.

2. Tochi ya kichwani, betri za akiba, koti la mvua.

3. VIATU. Hapa ndo watu wanaharibu, someni taratibu. Kuna kuvu anaitwa kitridi, anakaa kwenye ngozi ya chura, na chura ngozi ndo anayonywea maji na kupumulia, hata chumvi za mwili zinapita humohumo, ikiharibika chumvi zinashuka mpaka moyo unasimama. Vijimbegu vyake vinaogelea na vinapenda ubaridi wa milimani, kwa hiyo tope bichi kwenye soli linaweza kumhamisha toka kijito hadi kijito. Kwanza sugua tope LOTE kwa brashi, mpaka kwenye mifereji ya soli, maana jiki ikikutana na tope inaisha nguvu, kuloweka buti chafu ni kazi bure. Halafu ndo jiki au spiriti ya asilimia 70, kisha anika juani likauke kabisa. Fanya hivyo nyumbani kabla hujatoka, na tena kabla ya kuhamia bonde lingine.
ONYO: maji ya jiki usimwage karibu na kijito, yanaua viluwiluwi.
ONYO la pili: fimbo, miguu ya tripodi na nyavu navyo ni viatu.

Anayeona nakuza mambo akumbuke Kihansi, lile korongo la milima ya Udzungwa. Vyura wa pale waligunduliwa 1996 kwenye vieneo vidogo vya majani vinavyolowa kwa manyunyu ya maporomoko, dunia nzima hawapo kwingine. Bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakakata, wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia wakaanza kuongezeka, halafu 2003 wakaporomoka ghafla na kitridi akakutwa kwenye mizoga. 2009 ikatangazwa wametoweka porini. Waliopona ni uzao wa wale waliopelekwa Marekani, zuu za Bronx na Toledo.

4. Tembea polepole giza likishaingia, angalia juu ya majani kuanzia usawa wa goti. Nectophrynoides tornieri utamkuta ametulia juu ya jani, mdogo, ncha za vidole bapa kama zimekatwa na mkasi.

5. Usishike. Piga picha, rekodi sauti, ondoka.

MASWALI

Popo_Muheza: Mkuu nikimshika sekunde mbili tu nipige selfi?
– Hatua ya 5.

Dogo K: mi nanawa sabuni na nimepaka dawa ya mbu, si niko safi
– Hapana. Hiyo sabuni na hiyo dawa ndo vinapenya ngozi yake. Wanaoshika ni wenye kibali cha utafiti, na glavu mpya kwa kila chura. Soma kabla hujauliza.

Shekilindi: Haya mambo ya kuletewa, sisi tumekulia huku tunavuka vijito kila siku.
– Mzee wangu, wewe unayezunguka bonde lako mwenyewe sikusemi. Namsema anayetoka Udzungwa Ijumaa, Jumamosi yuko Amani na buti lilelile.

Mama Zawadi: Samahani kaka, nafundisha baiolojia. Kuna vyura wasiopitia kiluwiluwi majini?
– Mwalimu asante sana kwa hili swali. Hao Nectophrynoides mayai yanarutubishwa ndani ya jike, watoto wanakulia humo na kutoka wakiwa vyura kamili, wa Kihansi anazaliwa na kama milimita 5 tu. Halafu kuna Hoplophryne rogersi, yeye viluwiluwi wake wanakulia kwenye vijimaji ndani ya mianzi iliyovunjika au kwenye makwapa ya majani ya mgomba. Na Arthroleptides martiensseni, viluwiluwi wake wamejibandika kwenye mwamba unaorushiwa maji. Wapeleke wanafunzi wachungulie, ila mianzi wasiikate.

Tripodi: Nyongeza, zimeni tochi mkae kimya kidogo, sauti utazisikia kabla hujaona chura hata mmoja.
– Kweli kabisa, tena simu ya kawaida inarekodi vizuri. Na mkipandisha iNaturalist (mtandao wa kuweka picha na sauti za viumbe) ficheni eneo halisi. Leptopelis vermiculatus, yule mkubwa wa mitini, anauzwa nje kama mnyama wa kufuga.

Dogo K: Nimesoma yote sasa, samahani kaka. Jiki haitakula buti langu la ngozi?
– Itakula. Vaa gambuti la raba, chagua lenye mifereji mifupi, brashi ya meno iliyochakaa inafika kote.