Bata wa uani: angalia beseni, angalia miguu

Wenzangu mnaofuga bata mallard uani hapa Dar, wale ambao dume lao lina kichwa cha kijani, msihangaike na bwawa. Beseni linatosha, mradi liwe na kina cha bata kuzamisha kichwa chote, maana ndivyo anavyosafisha macho na pua. Chombo cha kunyweshea kuku hakimfai. Liweke karibu na chakula. Bata hula huku akinywa.

Kinachoniumiza ni miguu ya vifaranga. Wanahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko vifaranga wa kuku, na wengi wetu tunawapa stata ya kuku (chakula cha kuanzia cha vifaranga wa kuku) basi. Ukiona kifaranga anajikalia kila baada ya hatua mbili, au miguu inaanza kupinda, wahi duka la dawa za mifugo siku hiyohiyo. Omba vitamini ya kuchanganya kwenye maji, na usome lebo kuhakikisha niasini imo. Ukichelewa, miguu inaweza isinyooke tena.

Vifaranga walioanguliwa kwa mashine, bila mama, wasiachwe majini bila uangalizi: manyoya yao hulowa, wakapata baridi hata kwenye joto letu la Februari. Mkate usiwape. Maji machafu mwagia mgomba.