Utitiri mwekundu kwenye nyanya na mbilingani, mi naupiga hivi

Nalima nyanya na mbilingani nyuma ya nyumba hapa Dodoma, na kila mwaka kuanzia mwezi wa nane hivi, jua kali, vumbi la barabarani, utitiri huo unaingia. Mara ya kwanza nilidhani ni ukame nikawa namwaga maji tu, kumbe majani yanafyonzwa.

Hatua ya 1, hakikisha kwanza. Jani likiwa na vidoa vidogo vya njano kama limenyunyiziwa unga wa dona, chukua karatasi nyeupe iweke chini ya tawi, gonga tawi kwa kidole alafu tulia sekunde kadhaa. Ukiona vumbi linatembea ndo wenyewe. Pitisha kidole juu ya karatasi, wakipondeka wanaacha mchirizi mwekundu. Ukishaona utando kwenye ncha za matawi ujue umechelewa kidogo.

Hatua ya 2, kata majani yaliyoshika sana, weka kwenye mfuko funga. Usiyatupe pembeni ya tuta, watarudi kwa miguu, na wana miguu minane hao.

Hiyo miguu minane ina maana yake. Utitiri sio mdudu wa kawaida, uko ukoo mmoja na buibui na kupe, kwaiyo dawa nyingi za viwavi na vidukari haziugusi. Mi nilipiga dawa ya viwavi mara tatu mfululizo na utitiri ndo ukazidi, maana niliua vijidudu vinavyoula nikauachia shamba.

Hatua ya 3, maji. Asubuhi mapema piga maji kwa presha CHINI ya jani, huko ndo wanakaa na kutaga. Juu ya jani unaosha vumbi tu, ingawa hilo nalo linasaidia.

Hatua ya 4, jioni jua likishapoa changanya lita 1 ya maji, kijiko cha chai cha mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya maji, tikisa kila mara maana mafuta yanapanda juu. Jaribu jani moja kwanza usubiri kesho yake. Sabuni ya unga ya kufulia usithubutu, mi iliniunguzia mche mzima. Elekeza bomba juu kutokea chini, mpaka jani lichuruzike, dawa isipomgusa haimuui.

Hatua ya 5, na hapa ndo wengi mnakosea: rudia baada ya siku 5, alafu tena 5. Mayai mengi yanabaki salama, na kwenye joto la nyuzi 30 yai linakuwa mkubwa anayetaga ndani ya wiki moja hivi. Ukipiga mara moja ukaridhika umewapa likizo tu.

Ikishindikana kabisa nenda duka la pembejeo uombe dawa ya utitiri yenyewe, mfano yenye abamektini, soma kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na usirudie aina hiyohiyo kila mara, wanaizoea haraka. Ukichagua salfa, isikaribiane na mafuta ya mwarobaini, acha wiki mbili kati yake.

Mwisho ng'oa mnavu unaojiotea pembeni, utitiri wa nyanya unaupenda sana. Ule wa mboga mama kanikatalia nisiuguse, kwaiyo nao naupiga maji kila asubuhi kama nyanya.