Lifti ikianza kushuka vibaya: fundi anakueleza la kufanya

Nikitaja kazi yangu msibani au kwenye daladala, swali huwa ni lile lile: "Fundi, kamba ikikatika, si naruka sekunde ya mwisho?" Usiruke. Piga hesabu nami. Kutoka ghorofa ya 8, mita 24 hivi, kitu kinachoanguka bila kizuizi kinafika chini baada ya sekunde 2 na kidogo, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 78 kwa saa. Mruko wa mtu wa kawaida unapunguza kama kilomita 9. Zinabaki karibu 70, na bado utajigonga kichwa kwenye dari. Halafu utajuaje sekunde ya mwisho ni ipi, nawe umefungiwa kwenye sanduku lisilo na dirisha?

Hatua ya 1: Jua kinachokushikilia

Ukielewa hiki, hofu itapungua na mengine utayafuata kwa akili iliyotulia. Lifti ya kawaida haining'inii kwenye kamba moja. Zipo kadhaa za chuma, na kiwango cha Ulaya, EN 81, kinadai kwamba zikiwa tatu au zaidi, ziwe na uwezo wa kubeba mara 12 ya mzigo wake. Juu ya shimo ambamo lifti inapita kuna gavana, gurudumu linalozunguka kwa kadiri kabini, yaani sanduku unalopandia, inavyokwenda. Kabini ikizidisha mwendo, gavana inakata umeme, na ikiendelea kukimbia inavuta taya zilizo kwenye fremu ya kabini. Taya hizo zinang'ata reli za pembeni. Haziulizi kama kamba ipo au haipo.

Wazo la taya ni la zamani. Mvumbuzi Mmarekani Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watu New York mwaka 1854, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba breki ikishindwa, lifti yenye watu wachache huenda ikapanda badala ya kushuka. Upande wa pili wa kamba kuna mzigo wa kusawazisha, mzito kuliko kabini tupu. Ukiwa peke yako, mzigo huo ndio unaoshinda, nawe unavutwa juu.

Hatua ya 2: Mwendo ukibadilika ghafla, shuka chini

Usisubiri kujua kama ni anguko kweli. Kama kuna nafasi, lala chali katikati ya sakafu, funika uso na kichwa kwa mikono. Ukisimama wima, kishindo chote kinapitia miguuni na kwenye uti wa mgongo. Ukilala kinatawanyika mwili mzima. Hii haikufanyi uwe wa chuma, inakuongezea nafasi ya kupona.

Lifti imejaa? Egemeza mgongo ukutani, kunja magoti kidogo, shika bomba la pembeni. Taya zikinasa, kabini inasimama kwa mshtuko, na wanaoumia mara nyingi ni waliokuwa wima, magoti yamekakamaa. Mtoto mkalishe sakafuni.

Usihangaike kubonyeza namba zote. Gavana ikishakata umeme, vitufe hivyo ni mapambo.

Kuna aliyeanguka kweli akapona. Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya kivita aina ya B-25 iligonga jengo la Empire State, New York, kwenye ukungu. Betty Lou Oliver, mwendesha lifti, aliungua. Waokoaji walipomweka kwenye lifti nyingine ili ashushwe, kamba zilizoharibiwa na ajali zikakatika, akaanguka ghorofa 75. Alivunjika mgongo, shingo na nyonga, lakini aliishi. Inaaminika kwamba kamba zilizojikunja chini ya shimo zilipunguza kishindo. Angalia kilichohitajika ili lifti ianguke: ndege nzima ya kivita.

Hatua ya 3: Imesimama. Sasa usitoke

Hapa nitakaa kidogo, maana hatari kubwa iko hapa. Kabini ikikwama katikati ya ghorofa mbili, mlango ukafunguliwa, utaona sakafu ya nje ikiwa kifuani pako au chini ya miguu yako. Ikiwa chini, utatamani kuruka. Tatizo ni kwamba chini ya kabini pamebaki uwazi, na nyuma ya uwazi huo ni shimo. Mtu anaruka, anatua vibaya, anarudi nyuma, anaingia. Lifti imemwokoa, kisha yeye anajirusha.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja nikamkuta mlinzi ameshafungua mlango wa nje kwa ufunguo wa pembetatu, anamvuta mama mmoja kwa mkono. Umeme mkuu haukuwa umezimwa. Ungerudi wakati mama yule yuko nusu nje, nisingekuwa na kazi ya ufundi pale. Ufunguo ule si wa mlinzi.

Kwa hiyo kaa mbali na mlango, bonyeza kengele, piga namba ya fundi iliyobandikwa ndani. Isipopatikana, Tanzania piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Kenya, 999 au 112. Taja jina la jengo, ghorofa mliyopo, idadi yenu, na kama kuna mgonjwa. Hewa haitaisha: kabini ina matundu. Giza na joto vitakutesa, ila havikuui haraka kama shimo.

Hatua ya 4: Mkishatolewa

Msimamizi atataka kuiwasha "tuone". Mkatalie. Taya zikishanasa, kuzitoa ni lazima kabini ivutwe juu kidogo na fundi, kisha akague reli, kamba na gavana kabla ya mtu yeyote kupanda. Hata kama unajisikia mzima, mgongo ukiuma jioni nenda hospitali, na mweleze daktari kama ulikuwa umesimama au umelala.