Asilimia ya asilimia: tuihesabu kwa sensa yetu

Asalaam alaykum wanadarasa. Swali la asilimia ya asilimia huwaangusha watoto wanaoweza hesabu ngumu kuliko hii, na inaniuma, kwa sababu kinachowashinda si kuzidisha.

Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Asilimia 29 hivi kati yao wako Pemba. Na katika watu wa Pemba, asilimia 50 hivi wako Mkoa wa Kaskazini, yaani Wete na Micheweni. Je, Kaskazini Pemba ni asilimia ngapi ya Zanzibar nzima?

Hatua ya 1. Kabla hujashika kalamu, jiulize kila asilimia ni ya nini. Ile 29 ni ya Zanzibar. Ile 50 ni ya Pemba peke yake, Unguja haimo. Nawasihi msipite hapa mbio. Anayejumlisha anapata 79, yaani wilaya mbili tu zina karibu Wazanzibari wanane katika kila kumi! Jibu kama hilo likatae hapo hapo.

Hatua ya 2. Gawa kila moja kwa 100: 0.29 na 0.50.

Hatua ya 3. Zidisha: 0.29 × 0.50 = 0.145.

Hatua ya 4. Irudishe kwenye asilimia kwa kuzidisha kwa 100: 14.5.

Sasa tuhakikishe kwa watu wenyewe. Kaskazini Pemba walihesabiwa 272,091. Gawa kwa 1,889,773, unapata asilimia 14.4. Ile 0.1 iliyozidi imekuja kwa sababu Pemba hasa ni asilimia 28.8, nasi tumeandika 29. Njia ni sahihi.

Maswali ya wanadarasa

Maalim, duka la Darajani limepunguza bei asilimia 20, kisha kwa ajili ya Sikukuu likapunguza tena 10. Si ndiyo 30 hiyo?

Siyo. Kanzu ya shilingi 50,000 inashuka kwanza hadi 40,000. Ile 10 inakatwa kwenye 40,000, kwa hiyo unalipa 36,000. Umepunguziwa 14,000, na hiyo ni asilimia 28 ya bei ya mwanzo.

Mimi niko Chake. Tuseme makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, yametoa mafuta asilimia 5 ya uzito wake, na asilimia 90 ya mafuta hayo ni yujenoli, ile kemikali kuu ya mafuta ya karafuu. Tani moja ya makonyo inatoa yujenoli kiasi gani?

Mfano mzuri sana huu. 0.05 × 0.90 = 0.045, yaani asilimia 4.5. Tani ni kilo 1,000, basi utapata kilo 45. Angalia: ile 90 ni kubwa, lakini ni ya mafuta, si ya makonyo.

Na nikipewa jibu, nikaulizwa asilimia iliyofichwa?

Badala ya kuzidisha, gawa. Kaskazini ni 14.4 ya Zanzibar, Pemba ni 28.8 ya Zanzibar. 14.4 ÷ 28.8 = 0.5, basi Kaskazini ni asilimia 50 ya Pemba.