Jukwaa la wateja: anza na simu ya mteja, programu ifuate

Nauza inkubeta za vifaranga Morogoro, lakini muda wangu mwingi huishia kwenye kujibu maswali. Umeme ukikatika usiku nifanye nini? Mayai nigeuze hadi siku ya ngapi? (Hadi ya 18, kisha yaache mpaka ya 21.) Maswali ni yale yale, na jibu zuri la mfugaji mzoefu likiwekwa Jumatatu kwenye kundi la WhatsApp, Jumatano limeshafunikwa na salamu na picha za "asubuhi njema". Kama wateja wako hawana maswali yanayojirudia, baki na kundi lako, usijitafutie kazi.

Kama wanayo, unahitaji jukwaa, yaani tovuti ambamo kila swali hukaa kama mada yake, majibu chini yake, na mtu anaweza kulitafuta baadaye. Kabla ya kuchagua programu ya kuliendesha, chota maswali ishirini kutoka kwenye gumzo za zamani, kama yalivyoandikwa, makosa yakiwemo. Yaweke na majibu yake kwenye kila programu unayoijaribu, halafu mpe simu mtu asiyeijua biashara yako, atafute jibu. Hapo utagundua jambo ambalo wauza programu hawalisemi: utafutaji wao umezoea Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Yetu hubadilika mwanzoni. Mtu akiandika "geuza", mada yenye "kugeuza" au "nigeuze" inaweza isitokee kabisa. Kwa hiyo hakikisha msimamizi anaweza kusahihisha vichwa vya mada za watu na kuunganisha mada mbili zinazouliza kitu kimoja. Mimi kichwa cha "Naomba msaada jamani" hakikai hata siku moja.

Kisha tazama mlango wa kuingilia. Mteja wangu wa kawaida ana barua pepe aliyofunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, na nenosiri hajui ni lipi. Programu ikimtaka athibitishe kwa barua pepe, ndiyo kwaheri. Discourse, programu ya majukwaa iliyoanza 2013, hutegemea sana barua pepe, ila unaweza kuruhusu watu waingie kwa akaunti ya Google, ambayo simu nyingi za Android tayari zinayo. phpBB, programu nyingine ya majukwaa, kongwe ya tangu 2000, hukuruhusu kuzima uthibitisho, na mteja akisahau nenosiri anakupigia unambadilishia. Ukizima uthibitisho, roboti za matangazo zitamiminika. Dawa imo humo humo: weka swali lako la usajili kwa Kiswahili. Langu ni "Yai la kuku huanguliwa siku ya ngapi?" Mfugaji hasiti.

Gharama usiitazame kwa neno "bure". Zote mbili ni programu huria (huzilipii leseni), lakini phpBB inakaa kwenye hosti, yaani nafasi ya kukodi mtandaoni, ya bei nafuu inayobeba tovuti ya duka, mradi ina PHP na MySQL (lugha na hifadhidata ambazo phpBB inazitumia). Discourse inataka seva yake (kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote) yenye RAM ya angalau GB 1, huduma ya kutuma barua pepe, na mtu wa kuiangalia. Ina sura nzuri kuliko mwenzake, sibishi, lakini kwenye simu ya zamani yenye bando la kubana inachelewa kufunguka. XenForo, programu ya tatu ya majukwaa, ni ya kulipia leseni. Mimi nipo phpBB, sura yake ya kizamani nimeizoea.

Telegram je? Kundi hubeba watu hadi 200,000 na unaweza kuligawa kwa mada, wakati la WhatsApp linaishia 1,024. Kwa wateja waliokwisha kununua, linatosha kabisa. Shida ni kwamba mfugaji wa Songea anayeuliza Google saa nane za usiku hataona kilichomo ndani.

Kabla ya kuamua, uliza utatokaje. Programu ikupe nakala ya mada na wanachama wote katika faili unaloweza kulipeleka kwingine. Muuzaji akianza kuzunguka hapo, achana naye. Kama seva iko nje ya nchi, kumbuka majina na namba za wateja zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 (Kenya wanayo yao ya 2019). Kwa Tanzania, waulize pia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kama jukwaa lako linahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni, na uulize kabla hujalifungua. Nakala ichukuliwe kila wiki, na ikae kwenye kompyuta yako, si kwenye seva ile ile.