Mmea wa Majani Manene Usioujua Jina: Ya Kuzingatia Kabla ya Kuuhudumia

Umepewa mmea kwenye kopo, hauna jina, majani yake yamejaa maji. Kabla ya yote, chunguza utomvu. Vaa glavu na miwani, toboa kidogo jani au shina kwa pini. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, chukulia kuwa ni yuforbia, ndugu wa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Utomvu wake huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huweza kupofusha kwa muda. Kwenye ngozi, ufute kwanza kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni, maana maji matupu hayautoi. Jicho limwagiwe maji safi kwa dakika 15 au zaidi bila kulifikicha, halafu hospitali.

Si kila chenye miiba ni kaktasi. Miiba ya kaktasi huota kwenye vijivimbe vyenye manyoya. Yuforbia haina vijivimbe hivyo. Shina lililovimba chini na maua ya waridi huenda ni adeniamu, ambayo utomvu wake ulipakwa kwenye mishale ya kuwindia. Na mshubiri? Aina zake ni mamia, baadhi zina sumu, kwa hiyo usionje wala usijipake mpaka uwe na uhakika. Ua likichanua, lipige picha: mimea michanga ya aina hizi hufanana mno.

Mimea hii hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Kopo liwe na matundu chini; udongo nusu, mchanga wa mto nusu (wa ufukweni una chumvi). Chomeka kijiti mpaka chini: kikitoka na udongo umeganda, bado. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yapenye chini, kisha mwaga yaliyobaki sahanini. Jani lenye kiu hunyauka na kukunjamana. Linalooza huwa la manjano, laini, hupitisha mwanga. Watu huona jani limelegea wakaongeza maji, na hapo ndipo mmea unapokwenda. Shina likioza, kata hadi kwenye nyama safi, liache kivulini siku kadhaa likauke kidonda, ndipo upande.

Jua kali uliongeze taratibu kwa wiki mbili, la sivyo majani yataungua mabaka yasiyofutika. Muda huohuo mmea ukae mbali na mingine, na juu, watoto na paka wasiufikie.